Jani la Isale kwenye Vikapu vya Bibi

Jumatatu, 15 Desemba 1947

Nimefungua madirisha ya mashariki, nimefunga ya magharibi. Mchana nitafungua ya magharibi, nitafunga ya mashariki. Ndivyo alivyoagiza Bibi. Viti vyake visipigwe jua. Jua lenyewe linanitazama kama linaniuliza wazimu umenianza lini.

Paka amekula. Nimempa jina Bwana Shauri, kama yule Mzungu anayeamua kesi pale Boma, kwa sababu analala mchana kutwa na kila mtu anamwogopa.

Wenye nyumba wako melini. Wanakwenda Ulaya kutafuta baridi. Bwana aliniambia huko sasa maji yanaganda ndani ya ndoo. Watu wana nyumba ya mawe hapa chini ya mlima, jua la bure, mapapai nyuma ya jiko, halafu wanapanda meli kwenda kukaa na maji magumu. Mama yake Bibi ni mgonjwa, hilo naelewa. Lakini wangemleta yeye huku tukamwanika kidogo.

Mimi pia niko ugenini. Kutoka kwetu Akheri mpaka hapa Uzunguni ni mwendo wa asubuhi moja tu, lakini mlima unaonekana kwa upande usio wake. Kwetu unanitazama usoni. Hapa umenipa bega, kama mtu tuliyegombana naye.

Walinichagua niilinde nyumba kwa kuwa mimi ni mzee. Wazungu wanaamini mzee haibi. Hawajawajua wazee.

Sheria za Bibi ni chache. Mtu asiingie ndani ila mimi na paka. Maua yanyweshwe. Na stoo kuna vikapu vitatu vya Krismasi, vimefunikwa vitambaa vya chai. Kimoja cha mtu wa posta, kimoja cha askari wa barabara yetu, kimoja cha Anaeli anayemletea Bibi mayai. Nivitoe kabla ya sikukuu. Nisivifunue. Nikasema ndiyo Bibi.

Anaeli. Nimekuja mpaka ugenini, nalo jina lake limenitangulia stoo.

Mpishi amekwenda likizo kwao Upare. Naandika humu kwa sababu paka hacheki.

Jumanne, 16 Desemba

Siku ya soko. Kwa hiyo Ruti kapita na mayai. Kwa hiyo mwanangu Eliamani kapita kutengeneza mlango wa jiko.

Mlango huo unalia tangu mwezi wa tisa. Eliamani ni fundi seremala, anafanya kazi hapa mjini, ametengeneza makabati ya watu wakubwa. Bawaba moja imemshinda. Inamshinda Jumanne na Jumamosi tu. Siku nyingine hata haikumbuki.

Nimewatazama kwa dirisha la magharibi, ambalo lilipaswa kuwa limefungwa. Ruti anahesabu mayai. Anafika saba, anacheka, anaanza upya. Msichana mzuri. Sauti ni ya mama yake, na kwa bahati njema, tumbo si la baba yake.

Baba yake ndiye Anaeli.

Jumatano, 17 Desemba

Mvua. Sina kazi. Basi niandike kesi yetu, nione kama nikiisoma mwenyewe nitashinda.

Anaeli na mimi tulikua pamoja, tukaingia darasa la misheni pamoja enzi za Mjerumani. Yeye alimaliza. Mimi nilifukuzwa kwa kucheka wakati wa sala. Aliyenichekesha ni yeye. Leo ni mzee wa kanisa, na mimi ndiye ninayeitwa mcheshi.

Mashamba yetu yanapakana. Mfereji mmoja wa maji, unapita kwake kwanza, halafu kwangu, kila mtu na zamu yake. Kiangazi cha mwaka juzi, kahawa yangu imetoa maua, zamu ni yangu, maji hayaji. Nikapanda juu. Nikakuta ameyageuzia kwake. Nikamuuliza. Akanijibu mbele ya vibarua wake kwamba maji hayajui jina la mtu.

Sikumpiga. Nilitunga wimbo.

Anaeli kanywa mfereji, vyura waimba tumboni.

Una maneno mengine pia, lakini hayo ndiyo yanayosikika kutoka mbali. Wanawake waliuimba wakichuma kahawa. Watoto wakauchukua. Jumapili moja mtoto mdogo akauanzisha nje ya kanisa Anaeli akiwa ameshika kikapu cha sadaka. Wanasema kikapu kilitetemeka.

Tangu siku hiyo hatusemezani. Nikienda kuomba binti kwa ajili ya mwanangu, mbege yangu, ile pombe ya ndizi ya posa, itamwagwa njiani. Alishasema: mtoto wa mtunga nyimbo hataingia kwangu. Na sasa kuna mwalimu kutoka Machame, ana baiskeli. Wazee wake wataleta mbege baada ya mwaka mpya.

Nimeisoma kesi. Nimeshinda. Lakini mwanangu ndiye anayefungwa.

Alhamisi, 18 Desemba

Madirisha. Paka. Maua. Sina la kusema.

Nimekalia kiti cha Bwana. Kinazama. Niliogopa nitatokea Ulaya.

Jumamosi, 20 Desemba

Nimempa Ruti kikapu cha baba yake. Nimekitoa stoo kikiwa na kitambaa chake juu, nikamkabidhi kwa mikono miwili, maana kazi ni kazi. Sikukifunua. Mara moja katika maisha yangu nimeambiwa nisichungulie na sikuchungulia. Niandikiwe mahali.

Ruti akaniambia shikamoo baba, nikamwambia marahaba, hiki mpelekee mzee. Akanitazama kwa mshangao. Akauliza kama ni mimi ninayempelekea. Nikasema we peleka tu, ukiuliza sana kinakuwa kizito.

Ningesema ni cha Bibi. Nilikuwa na haraka ya kuwaacha peke yao na bawaba.

Jumanne, 23 Desemba

Leo mambo yameharibika. Au yametengenezeka. Sijui.

Ruti kaja bila mayai. Kavaa kitambaa cha kwenda kanisani. Kapiga magoti mlangoni, kitu ambacho hajawahi kunifanyia, akasema maneno kama mtu aliyeyakariri njia nzima: "Baba anasema ameliona. Anasema hawezi kulirudisha. Jumapili baada ya ibada atakuja na mzee Mika, akusikie kwa masikio yake."

Nikauliza ameona nini.

Akasema, "Jani, baba."

Jani gani?

Akanyanyua macho. "La isale. Ulilomfungia."

Alipoondoka nikaingia stoo nikafunua vikapu viwili vilivyobaki. Sukari, majani ya chai, kitambaa cha shati, viberiti. Na chini ya kitambaa, kwenye mshikio wa kila kikapu, jani bichi la isale, limepigwa fundo zuri, na utepe mwekundu juu ya fundo.

Bibi ana ua mrefu wa isale kando ya barabara. Kaukuta hapo, kaupenda, anaupunguza kwa mkasi kila mwezi. Kwake ni pambo. Wakati wa Krismasi wao hufunga vitu kwa majani mabichi, mwaka jana nilipopita hapa nilimwona anaviringisha majani mlangoni. Kwetu sisi, jani lile ni la mpaka na la msamaha. Ukilifunga fundo ukampelekea mtu, umemwambia nimekosa, niondolee. Na anayepelekewa hana ruhusa ya kukataa, hata kama ulimchomea nyumba.

Mzee mzima kama Anaeli kafungua kikapu mbele ya mkewe na watoto, kakuta mimi, Zakaria mwenye wimbo, namlilia.

Nimekaa juu ya gunia la mchele nimecheka mpaka paka katoka stoo. Bibi kaomba msamaha kwa mtu wa posta. Kaomba msamaha kwa askari. Laiti angewafungia na Boma lote, kesi ngapi zingekwisha hapa kwetu! Wazungu wametuomba msamaha na hawana habari.

Halafu nimeacha kucheka. Maana aliyetoa kikapu ni mimi. Kwa mikono miwili.

Jumatano, 24 Desemba

Nimefungua yale majani kwenye vikapu viwili, nikavipeleka vikiwa uchi. Nisizue mambo mengine. Mtu wa posta kashukuru. Askari kauliza kwa nini mshikio una alama ya kitu kilichofunguliwa. Askari hawa.

Mchana kaja mama Eliamani kutoka Akheri, na mtori, supu ya ndizi, kwenye sufuria, umefunikwa majani ya mgomba. Amekwisha sikia. Kijiji kizima kimesikia. Wanawake wamempongeza kisimani kwamba mumewe amekuwa mtu.

Nikamweleza ukweli. Nikamwambia naenda kwa Anaeli kumwambia ni jani la Bibi, mimi sijamwomba mtu kitu. Zamu ya maji ilikuwa yangu. Atakayeomba ni yeye.

Alikuwa anapakua. Hakuacha kupakua.

"Nenda," akasema. "Na ukirudi mwambie mwanao ulichokipata."

"Lakini mama, mimi ndiye niliyekosewa!"

"Basi kaa na kukosewa kwako. Kulishe. Kukikua utakuoza kwa nani?"

Nimeoa mwanamke mbaya. Mtori ulikuwa mtamu.

Alhamisi, 25 Desemba. Krismasi

Nimefunga nyumba, nimekwenda kanisani mjini, nimekaa nyuma. Watu wamejaa mpaka milangoni. Wameimba vizuri. Mhubiri kasema amani duniani kwa watu wote. Nikafikiri: ni rahisi kwa watu wote. Mtu mmoja ndiye mgumu.

Kurudi, nimempa paka nyama. Nimekula mayai ya Ruti.

Hata humu ndani nimejaribu kulisema lile neno. Nimesimama mbele ya paka, nimeshika mikono nyuma kama mwanafunzi, nikasema nime. Halafu ni. Halafu kikohozi. Neno limefika kooni likakaa kama kiazi cha moto, huwezi kukitema mbele za watu, huwezi kukimeza. Bwana Shauri kaahirisha kesi, kalala.

Nina miaka mingi duniani. Nimebeba mizigo ya vita vya Mjerumani mpaka sijui wapi. Nimezika watoto wawili. Neno hilo sijawahi kulisema kwa mtu aliye hai.

Ijumaa, 26 Desemba

Asubuhi niliamua. Namwambia Eliamani ukweli kwanza, halafu Anaeli. Siwezi kukaa juu ya uongo wa utepe. Kitanda cha ndoa kikijengwa juu ya jambo la bandia, siku moja watu watacheka, na wakicheka nitajua wimbo ni wangu.

Nikaenda mpaka karakana yao. Imefungwa kwa sikukuu, lakini nikasikia randa. Eliamani yumo peke yake, kavua shati, vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi. Anatengeneza kitanda. Mbao za mwerezi, harufu imejaa nyumba nzima. Ameanza tangu Jumanne, tangu habari ilipofika. Analala hapo hapo karakana.

Kitanda kipana. Nikauliza kwa nini kipana hivyo.

Kacheka, katazama chini. Akasema, "Baba, asante. Najua ilivyokuwa kazi kwako."

Nilikuwa nimekuja na maneno. Nilikuwa nimeyapanga tangu daraja la mto. Nikamshikia ubao upande wa pili akapiga randa. Nikamwambia mguu ule wa kushoto ni mfupi. Haukuwa mfupi.

Nimerudi na ukweli wangu mfukoni. Mzito.

Jumamosi, 27 Desemba

Mama Eliamani kaja tena. Safari mbili kwa wiki moja, na magoti yake yale. Kaleta mbege kwenye kibuyu, kwa ajili ya kesho, na ndizi. Hakunisema. Nilikuwa nimejiandaa kusemwa, nikabaki nimesimama na majibu yangu.

Akapanga ndizi mezani jikoni. Chini ya ndizi akaweka kitu, akakifunika kwa kanga. Akaondoka, kaniambia madirisha ya magharibi yako wazi. Kumbe ameshajua na sheria za nyumba.

Nimefunua. Ni jani la isale. Si la ua wa Bibi. La kwetu jani lake ni pana, lina mchubuko wa mbuzi. Nimelijua. Limekatwa kwenye mpaka wetu na Anaeli, pale mfereji unapoingia kwangu. Baba yangu na baba yake ndio walioupanda mpaka ule, siku moja, kwa jembe moja, wakabadilishana zamu ya kushika mpini.

Halina fundo. Mwanamke huyo. Kaniletea jani, lakini fundo kaniachia mimi.

Nimelitazama saa nzima. Kesi yangu ya Jumatano nimeisoma tena. Juu ya maji nashinda. Lakini nimeisoma ule upande mwingine, wa kikapu cha sadaka kilichotetemeka. Sikuwa nimeusoma kama kesi. Niliusoma kama kichekesho. Ni kichekesho kizuri kweli. Ila mtu mwenyewe alikuwa amesimama mbele ya kanisa, na wajukuu zake ndani.

Nimelifunga.

Jumapili, 28 Desemba

Naandika nikiwa na mbege kidogo kichwani. Niandike yote kabla sijayapamba.

Walikuja jua limepinda. Anaeli, koti lake la uzee wa kanisa, kiatu kimepigwa rangi. Mzee Mika nyuma yake na fimbo, yeye ni mkubwa kuliko sisi sote na hasikii vizuri, kwa hiyo ni shahidi mzuri. Nimewapangia benchi nyuma ya jiko, chini ya mipapai. Sheria ni sheria, ndani hawakuingia. Lakini Mika kazunguka nyumba yote anachungulia dirisha moja moja. Akauliza nani analala kwenye viti vile. Nikamwambia ni viti visivyopigwa jua. Akasema hata yeye angependa kuwa kiti.

Anaeli hakucheka. Kaketi wima. Tumbo lake limepungua, nimeona. Kazeeka. Nami nadhani nimezeeka, lakini mimi sijioni.

Mlango wa jiko ukalia kwa upepo.

Nikasimama. Nikatoa jani langu chini ya kanga, nikamwekea magotini kwa mikono miwili. Nikasema:

"Anaeli. Kwa maji, ulikosa wewe. Hilo sitalibadilisha mpaka nife. Kwa vyura, nimekosa mimi."

Limetoka. Kiazi kimetoka. Sikuanguka.

Mika akauliza kasema nini. Anaeli hakumjibu. Alilishika jani, akaligeuza, akagusa ule mchubuko wa mbuzi. Akajua limetoka wapi. Midomo yake ikaanza kucheza kama zamani darasani, mwalimu akiwa ametupa mgongo.

Akaingiza mkono ndani ya koti. Akatoa jani la kwanza, la Bibi, limekauka nchani, na utepe wake mwekundu. Akayaweka yote mawili magotini.

"Hili," akasema, akiinua la utepe, "nilipoliona tu nilijua si lako. Zakaria atoe wapi utepe? Kufunga kamba ya kiatu tu kunakushinda."

"Ulijua?"

"Tangu Jumamosi ile."

"Na bado ukasema unakuja?"

"Ningengoja lako, ningekufa." Akanitazama. "Mzungu hajui anachofunga. Lakini jani limefika kwangu, nami si mtu wa kurudisha jani. Nikasema nitakwenda nione uso wake. Akikataa kwamba si lake, nitarudi nyumbani na sukari yangu."

Mika kapiga fimbo chini. Akataka kujua majani ni mangapi. Tukamwonyesha: mawili. Akasema vizuri, mtapatana mara mbili, moja iwe akiba, nyinyi wawili nawajua tangu mnavuliwa kaptura.

Ndipo nikawamiminia mbege. Mzee wa kanisa alikunywa. Alikunywa kwanza kidogo kwa heshima ya koti, halafu akafungua kifungo cha koti. Nikamwomba ruhusa nilete mbege nyingine nyumbani kwake, ya maneno ya watoto. Nikamfikiria Eliamani na vumbi kwenye nyusi.

Akasema yule mwalimu ni mtu mzuri. Ana baiskeli. Lakini Ruti ameapa akipelekwa Machame atakwenda kwa mguu na kurudi kwa mguu, siku hiyo hiyo, kila siku.

"Lete," akasema. "Jumamosi. Na usije ukiimba."

Akajipigapiga tumbo, taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto.

"Vyura wamesikia."

Tulicheka. Sijacheka hivyo tangu nilipofukuzwa shule.

Jumatatu, 29 Desemba

Kichwa kinauma. Madirisha yote nimeyaacha yamefungwa. Viti na mimi tumekaa gizani.

Jumanne, 30 Desemba

Ruti kapita na mayai. Utepe mwekundu uko kichwani kwake. Kaniamkia haraka, kachungulia jikoni, kauliza kama fundi hajaja.

Hajaja. Yuko karakana, anamalizia kitanda. Wamepelekeana habari lakini bado anauliza. Nimemwambia bawaba imepona.

Akasema kabla ya kuondoka, kama jambo dogo: jana alfajiri baba yake alichukua jembe akapanda juu mfereji ulipo. Peke yake. Alirudi amelowa mpaka magotini, akanywa uji.

Nimemlipa mayai na la ziada.

Alhamisi, 1 Januari 1948

Mwaka mpya. Askari wa barabara kapita kunisalimu, kavaa shati la kitambaa cha Bibi, mshono umepinda. Nimemwomba anisubiri. Nimekwenda kwenye ua, nimekata jani, nimelifunga fundo, nimempa. Yeye ni mtu wa huku huku mlimani, analijua. Akauliza nimemkosea nini. Nikamwambia mimi bado, lakini kikapu kile kilitoka na jani, mimi ndiye niliyelitoa, kwa hiyo narudisha kitu cha watu. Ni la Bibi.

Akauliza Bibi amemkosea nini.

Nikamwambia fikiri mwenyewe, uko zamu mchana kutwa.

Kalitazama. Kaliweka ndani ya kofia yake, kaendelea na barabara. Mtu wa posta nitampa kesho.

Bibi atauliza kwa nini ua umepungua pale kona.

Jumamosi, 3 Januari

Mpishi amerudi jana jioni, kwa hiyo leo nyumba nimemwachia yeye na paka. Nimekwenda Akheri na mbege. Nimepita njia ya chini, ya shambani, sikupita ya barabara. Nilitaka kuona.

Maji yamefika. Yanapita kwenye migomba ya chini, yanazunguka mti wa kahawa uliokuwa umenyauka, yanaingia kwa jirani. Hakuna aliyenitangazia. Yalikuwa yanapita tu, na majani makavu juu yake. Pale kwenye mpaka, isale lililokatwa limeanza kutoa kichipukizi pembeni ya kisiki.

Anaeli alipokea kibuyu kwa mikono miwili.

Jumapili, 4 Januari

Nimerudi ugenini. Madirisha ya mashariki wazi, ya magharibi yamefungwa. Paka amekula. Mlima ule pale, na bega lake.

Mpishi ananiuliza mbona mlango wa jiko bado unalia, na fundi alikuwa anakuja kila siku ya soko. Nimemwambia auache. Usiguswe. Nimeuzoea.